Msaada: kava la karavani kwa msimu wa baridi, lipi linafaa na linafungwaje? (Minnesota)

MtuWaStCloud (mleta uzi)

Wakuu habari za huko. Mwaka huu mimi na shemeji yangu tumenunua karavani ya kuvuta, mtumba, "futi 26" kwa maneno ya muuzaji. Kiangazi chote tumeizungusha kwenye maziwa ya huku kaskazini na watoto wamefurahi mno. Sasa Septemba inaisha, majani yanaanza kugeuka rangi, na itabidi ilale nje nyuma ya nyumba mpaka Aprili. Paa ni raba, kuta ni faibaglasi, nyuma kuna ngazi na tairi ya akiba, juu kuna kiyoyozi.

Maswali yangu: turubai la bluu la dukani linatosha, au ninunue kava lenyewe? Nikipima, napima kuanzia wapi hadi wapi? Nimeona kava la dola mia na ushee, jingine mia tano, na la kushonesha ambalo nilipoona bei nikafunga ukurasa. Na hilo dude linapandishwaje kule juu bila mtu kuvunjika kiuno?

Wale wa "ingia Google" naomba mpite kimya kimya.

Mkorofi77

Kava la nini mkuu? Niko Wisconsin, yangu inalala uchi kila mwaka. Theluji ni maji tu. Hiyo mia tano wanunulie watoto viatu.

Fundi_Mabati

Karibu kwenye mateso, mleta uzi. Nafanya kazi kwenye yadi ya ukarabati huku Indiana, si mbali na Elkhart zinakotengenezwa karavani nyingi za Marekani. Kila masika zinaletwa zikiwa ndiyo kwanza zimevuliwa makava, na ukiangalia kona tu unajua nani alifunga na nani alitupia.

Kwanza tuelewane, kava halizuii baridi. Nje ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, ndani nako ni hivyo hivyo. Mabomba usipoyatoa maji yatapasuka, uwe na kava la dola elfu au usiwe nalo. Kava linazuia jua lisile raba na gundi za paani, linazuia uchafu, na linapunguza maji yanayokaa kwenye maungio. Hilo la maungio ndilo kubwa kwenu Minnesota. Theluji inayeyuka kidogo mchana, maji yanaingia kwenye ufa mwembamba pembeni ya tundu la hewa, usiku yanaganda. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9. Kesho yake ufa ni mpana kidogo, yanaingia mengi zaidi. Rudia hivyo Novemba mpaka Machi, halafu mwezi wa tano mke anakuuliza mbona dari ina duara la rangi ya chai.

Turubai la bluu: hapana. Lile ni polithini, halipumui. Karavani yoyote ina unyevu ndani, kwenye magodoro, mazulia, mbao za kabati. Jua likipiga mchana unyevu unapanda, unakutana na plastiki ya baridi, unageuka matone na hauna pa kutokea. Hapo umefuga ukungu. Halafu kuna kamba na vile vijicho vya chuma vya pembeni. Upepo ukilitikisa turubai usiku kucha, kamba inasugua sehemu ile ile moja. Nimeshika kwa mkono wangu kona ya karavani ambayo gelikoti, lile tabaka laini la nje la faibaglasi, yote ilikuwa imeliwa, nyuzi za faibaglasi zinachoma kidole, na mstari ulifuata kamba ilikopita kuanzia paani mpaka chini. Turubai lilikuwa la dola arobaini. Bili ya kona hiyo sitaitaja, mna presha.

Kuhusu vitambaa, madukani utakutana na vitatu. Polipropilini isiyofumwa, ni jamii ile ile ya kitambaa cha barakoa za hospitali ila nzito: nyepesi kubeba, inapumua vizuri, bei ya wastani, lakini jua kali linaimaliza mapema. Poliesta ya kufumwa: ngumu zaidi, inavumilia jua na msuguano. Na akriliki ambayo uzi wake umetiwa rangi kabla ya kufumwa, hiyo ndiyo ya kushonesha kwa vipimo vya karavani yako, inadumu na bei yake ndiyo hiyo uliyoikimbia.

Usidanganyike na maandishi ya "tabaka tatu" au "tabaka nne". Kwenye makava mengi tabaka hizo ziko paani tu, ubavuni ni tabaka moja. Si kosa, maana paa ndilo linalobeba shida, ila ujue unachonunua.

Kwako wewe, Oktoba mpaka Aprili, jua la huko halina nguvu sana. Polipropilini yenye paa la tabaka tatu inatosha kabisa.

KakaPhoenix

Naongezea kwa wasomaji wa kusini. Huku Arizona mambo ni kinyume, sisi tunafunika kiangazi kwa sababu ya jua. Polipropilini huku inageuka unga, unaigusa inabaki mkononi. Huku ni poliesta au akriliki, au tafuta banda la mabati. Kwa hiyo ukisoma maoni ya wateja kwenye kurasa za maduka, angalia kwanza mtu anaandika akiwa jimbo gani. Nyota moja ya Phoenix haimhusu mtu wa St. Cloud.

MtuWaStCloud

Fundi Mungu akubariki. Nimetoka nje kupima sasa hivi. Kwenye ubavu imeandikwa namba inayoanza na 26. Ukuta wa mbele mpaka ukuta wa nyuma ni futi 25 na inchi kadhaa. Nikihesabu ngazi na tairi ya akiba inafika futi 27 na inchi 4. Nikiweka na mkono wa mbele wa kuvutia inavuka 30. Sasa nanunua la ngapi?

Fundi_Mabati

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Namba ya ubavuni ni jina la modeli, usiichukulie kama kipimo. Chukua utepe, anzia sehemu ya mbele kabisa ya bodi, ile inayotokeza, nenda mpaka kitu cha nyuma kabisa ambacho kava litapita juu yake: ngazi, tairi ya akiba, bampa. Mkono wa kuvutia kwa kawaida hauhesabiwi. Mitungi ya gesi iliyo juu ya mkono ule, soma jedwali la mtengenezaji, wengine wanaihesabu na wengine hapana. Urefu wa kwenda juu nao upime, maana kuna karavani ndefu ambazo kava la kawaida linaishia kwenye magoti.

Makava yanauzwa kwa mafungu, mfano futi 24 hadi 27, 27 hadi 30. Wewe una 27 na inchi 4, kwa hiyo ni fungu la 27 hadi 30. Ukilazimisha dogo utapasua mshono wa kona ya nyuma. Lakini usije ukaruka fungu zima kwa kusema "kubwa halikosi". Kava kubwa kupita kiasi ni tanga, na karavani si jahazi. Kitambaa kilicholegea ndicho kinachopiga, na kinachopiga ndicho kinachochubua na kuchanika. Ningekuwa na hela ya kuchagua kimoja kati ya kitambaa kizito na kava linalokaa vizuri mwilini, nachukua linalokaa vizuri bila kufikiri.

Vingine vya kuangalia kabla ya kulipa: mikanda ya kupita chini ya tumbo la karavani, siyo lastiki peke yake pindoni. Mikanda ya kubana mbele na nyuma ili kufyonza ile nafasi iliyozidi. Matundu ya hewa ya pembeni yenye vifuniko, upepo ukiingia upate pa kutokea. Na zipu za ubavuni ili ufike mlangoni.

Leicester_Mswahili

Kuhusu zipu za mlangoni niongeze la huku Uingereza. Karavani za Kiingereza mlango uko kushoto, za bara la Ulaya uko kulia. Jirani yangu aliagiza kava kutoka Ujerumani kwa bei nzuri, likafika, zipu ikaangalia ukuta usio na mlango. Alikaa nalo hivyo hivyo majira yote kwa ubishi.

Huku baridi yetu si ya kutisha ila ni mvua na unyevu miezi sita. Adui yetu ni ule ukijani unaoota kwenye mipira ya madirisha. Kwa hiyo huku sheria ya kwanza ni kuosha kabla ya kufunika na kuacha ikauke kabisa. Ukifunika juu ya uchafu, kila upepo ukitikisa kava, ile michanga inasaga rangi.

Fundi_Mabati

Leicester kasema kweli tupu. Mleta uzi, osha kwa sabuni laini. Kama paa ni raba ya EPDM, usipake kabisa kitu chenye asili ya petroli, kinaivimbisha. Kuta za faibaglasi zikikauka zipake nta.

Halafu panda ukague gundi za paani. Zunguka kila kitu kilichotoboa paa: matundu ya hewa, bomba la choo, antena, kiyoyozi, na ile mistari ya mbele na nyuma ambapo paa linakutana na ukuta. Bonyeza kwa kidole. Ikiwa imepasuka au imeachia ukingo, safisha na uongeze gundi ya paa la karavani, ile inayojitandaza yenyewe kwenye sehemu za bapa. Usichukue silikoni ya madirisha ya nyumbani, haishiki vizuri kwenye EPDM na ukija kuitoa utalia. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Ukifunika paa linalovuja umelificha tu, litaendelea kuvuja chini ya kava na hutaona.

Na ukipanda, tembea kwa magoti juu ya kipande cha plaiwudi, tena kama kitabu cha karavani yako kinaruhusu kupanda. Mapaa mengine hayabebi mtu.

Mama_Baraka

Ndugu zangu jambo. Tuko Des Moines, tulitokea Bukavu. Mume wangu ndiye anafunga kava, lakini mimi ndiye natayarisha kona, kwa sababu yeye hana subira.

Kava haliharibiki katikati, linaharibikia pembeni. Angalia ile midomo ya plastiki ya mifereji ya paa, kwenye kona nne, inayotoa maji. Ina ncha. Kava likivutwa pale, kabla ya Krismasi ncha imetokeza nje. Tunanunua zile sponji ndefu za kuogelea za watoto, zenye tundu katikati, za dola mbili tatu. Nakata kipande cha urefu wa kiganja, napasua upande mmoja kwa kisu, navisha mdomo wa mfereji, nafunga kwa tepu ya wapaka rangi, ile isiyoacha gundi. Ngazi ya nyuma, vyuma vyake vya juu navisha sponji ya mabomba. Mikono ya kile kivuli cha kukunja, antena, kona za kiyoyozi, yote inavaa. Soksi za zamani pia zinafaa, hasa zile zilizopoteza mwenzake, na katika nyumba hii ziko nyingi.

Bibi mmoja wa kanisani kwetu anaweka mipira ya tenisi iliyopasuliwa. Na yenyewe ni sawa.

MtuWaStCloud

Mama Baraka asante sana, hilo la sponji sikuliona popote. Shikamoo kama ni mkubwa kwangu 😂

Na panya je? Nimesikia wanapenda karavani kuliko sisi.

Mama_Baraka

Marahaba, hata kama hatujui 😂

Panya kava haliwazuii, linawapa giza na utulivu. Toa chakula chote, hata kipakiti cha sukari, hata chakula cha mbwa. Mwenzako alale chini kwa mgongo na tochi aangalie kila tundu ambamo bomba au waya unaingia sakafuni. Tundu linalopitisha kidole kidogo linapitisha panya. Tunajaza waya wa chuma wa kusugulia sufuria, lakini ule wa kawaida unashika kutu, wa shaba ni bora. Friji acha mlango wazi, weka kitambaa usijifunge. Magodoro simamisha ubavu, hewa ipite chini.

Mkorofi77

Mnamtisha mtu bure. Tangu nianze kuilaza nje karavani yangu haijawahi kuwa na kava na haivuji. Wauzaji wa makava wanapenda nyuzi kama hizi.

Fundi_Mabati

Mkorofi, nitakushangaza, nakubaliana nawe nusu. Mtu anayepanda paani kila msimu, gundi zake nzima, anasukuma theluji, karavani yake inaweza kuishi bila kava. Na karavani isiyo na kava ni bora kuliko yenye kava lililolegea. Hilo nalisimamia hata mbele ya bosi wangu anayeyauza. Swali ni moja tu: unapanda kukagua au unategemea bahati?

Mkorofi77

Napanda. Naziba. Natumia gundi hiyo hiyo uliyosema.

Fundi_Mabati

Basi wewe ni mtunzaji, unajifanya mkorofi.

NyikaCalgary

Wakuu, sisi wa Alberta, Kanada, tuna upepo wa Chinook. Januari unaamka kila kitu kimeganda, mchana upepo unashuka kutoka milimani na joto linaongezeka hata kwa nyuzi 20 za Selsiasi ndani ya saa chache. Theluji yote inageuka maji, jioni yanaganda tena. Na upepo wenyewe si wa mchezo.

Ushauri wangu ni mikanda. Watu wanaikaza Oktoba wanaondoka. Kitambaa kinanyooka, na mkanda uliokuwa umebana Oktoba, Desemba unaning'inia. Kila baada ya upepo mkubwa zunguka na kahawa yako ukaze. Mkanda unaopita chini uangalie usipite juu ya bomba la gesi, valvu ya maji machafu, wala nyaya. Na ncha zinazobaki zifungie ndani, zisipige ukuta usiku. Jirani atakushukuru.

MtuWaStCloud

Nimeagiza, polipropilini, paa tabaka tatu, fungu la 27 hadi 30, mikanda ya chini ipo. Limefika kwenye boksi, ni zito kuliko nilivyodhani. Sasa Fundi, tunalipandishaje? Tuko wawili, labda na kijana wa jirani.

Fundi_Mabati

Watatu ni raha. Chagua siku kavu isiyo na upepo, na isiwe siku ya kuganda, kitambaa cha baridi kinakuwa kigumu na zipu zinakataa. Usisubiri mwisho wa Oktoba. Wazee wa Minneapolis bado wanasimulia Halloween ya 1991, inchi 28.4 za theluji ndani ya siku chache. Ukiwa na kava bado liko gereji siku kama ile, umechelewa.

Kabla ya kava, karavani iwe imetulia mahali pake pa mwisho. Tairi juu ya mbao, upepo umejazwa, kabari mbele na nyuma, jeki za kona zimeshuka kutuliza mtikisiko. Gesi imefungwa mtungini. Maji yametolewa, hita ya maji imemwagwa, dawa ya waridi ya kuzuia kuganda imepita kwenye mabomba. Ni ya waridi, propilini glaikoli. Ile ya kijani ya injini ni sumu, isikaribie maji ya kunywa. Betri ya asidi ingiza ndani. Ikiwa imejaa chaji inavumilia baridi kali kupita kiasi, lakini ikiisha chaji inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Ukiwa na lithiamu, usiichaji ikiwa chini ya sifuri.

Sasa kava. Litandaze chini kwenye nyasi, siyo kwenye kokoto, kando ya karavani. Tafuta mbele ni wapi. Mengi yana lebo, kama halina andika mwenyewe MBELE kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa pindo. Likunje mikunjo ya kwenda na kurudi kama feni, kuanzia pembeni zote mbili kuja katikati, ili ubaki na mkanda mrefu mwembamba wa urefu wa karavani.

Kama paa lako linabeba mtu, mwenye mwili mwepesi anapanda na kulaza ule mkanda katikati ya paa kutoka mbele kwenda nyuma, anaushusha mbele kwanza, kisha anarudi kinyumenyume kwa magoti kuelekea ngaziani. Asisimame juu ya kava hata sekunde. Kitambaa juu ya raba kinateleza, na kutoka pale mpaka chini ni futi kumi na kitu.

Kama halibebi, au hamtaki hatari, na mimi ndiyo njia ninayoipenda: funga kamba mbili ndefu kwenye kona mbili za upande mmoja wa kava. Tandika blanketi la kuhamia nyumba kwenye ukingo wa paa lisichubue. Rusha kamba zivuke upande wa pili. Wawili wanavuta pole pole kutoka kule, wa tatu analisukuma kwa fagio refu lililofungwa taulo, akilikwamua linaponasa kwenye kiyoyozi. Linanasa, usipandwe na hasira, na usivute kwa nguvu. Hapo ndipo mishono inapokatika.

Likishavuka, vuta kona za mbele zikae sawa kwanza, halafu nyuma, halafu angalia zipu kama imeangukia mlangoni. Ikiwa imepishana, sogeza sasa hivi kabla hujafunga mkanda wowote. Kupitisha mikanda chini usitambae, ifunge kwenye mpini wa fagio uisukume upande wa pili. Wengine wanakupa kifuko cha kutia mchanga cha kurushia, nacho kinafanya kazi. Funga ya katikati kwanza, kisha ya mbele na ya nyuma, kaza kwa zamu kama unavyokaza nati za tairi. Mwisho kabisa bana zile za mbele na nyuma za kunyonya ulegevu.

Ukimaliza, simama mbali uangalie upande wa upepo. Ukiona mahali kava linavuta pumzi, rudi ukabane.

SiouxFalls_Juma

Samahani kuvamia uzi. Mtu akishafunika, theluji inaondolewa au inaachwa? Na ule mtindo wa kutengeneza paa la mabomba ya PVC chini ya kava ili maji yateremke, mnausemaje?

Fundi_Mabati

Juma, kava halibebi theluji, paa ndilo linabeba. Fanya hesabu ya juu juu: paa la futi 8 kwa 26 ni futi za mraba 208. Theluji kavu ya unga inaweza kuwa paundi tano hivi kwa futi ya ujazo, ile iliyolowa ya Machi inafika ishirini. Futi moja ya ile iliyolowa juu ya paa hilo ni zaidi ya paundi elfu nne. Ni kama umeegesha gari kule juu. Kwa hiyo isukume kwa brashi ya sponji yenye mpini mrefu, ukiwa chini au kwenye ngazi ya pembeni. Koleo hapana. Na usikwangue mpaka kwenye kitambaa, acha inchi moja mbili.

Mabomba ya PVC: wazo zuri kwa mvua, lakini baridi kali inaifanya PVC kuwa dhaifu, inavunjika na kuacha ncha kali chini ya kava lako. Anayetaka mteremko atumie mbao, kona zote azivishe. Mimi kwa wengi nasema weka tu kipande kinene cha sponji mbele na nyuma ya kiyoyozi, pale ndipo kava linapobonyea na kutengeneza dimbwi.

MtuWaStCloud

Jamani tumefunga! Jumamosi, jua, hakuna upepo. Tulitumia njia ya kamba. Kijana wa jirani alikuwa msukumaji wa fagio na amepewa pilau. Kona za Mama Baraka zimevaa sponji za pinki na kijani, inapendeza kwa kweli. Zipu imeangukia mlangoni kabisa.

Shemeji ana swali. Desemba ana mgeni kutoka Dar, nyumba imejaa. Anasema si tunaweza kumlaza humo, tuwashe hita ya gesi, tuingie kwa mlango wa zipu?

Fundi_Mabati

Hapana. HAPANA. Mwambie shemeji kwa herufi kubwa. Hita ya gesi inatoa moshi wake ubavuni, kava limeziba hapo. Moto, na kaboni monoksidi ambayo hainuki wala haionekani. Chini ya kava hakuwashwi kitu chochote kinachoungua, si hita, si jiko, si jenereta. Mgeni alale kwenye kochi.

Leicester_Mswahili

Mgeni kutoka Dar, Desemba, Minnesota, ndani ya karavani. Shemeji ana kesi na huyo mtu?

MtuWaStCloud

😂😂 Amesoma, amenyamaza. Kochi limepita.

La mwisho: unyevu wa ndani, niache tundu la paani wazi kidogo? Na Aprili nikilitoa, nalihifadhije?

Fundi_Mabati

Tundu likiwa na kofia yake ya plastiki ya kuzuia mvua, acha wazi upana wa kidole. Bila kofia, funga, uweke vile vikopo vya chembe za kalsiamu kloraidi zinazofyonza unyevu, kimoja chumbani na kimoja jikoni, ndani ya beseni maana vikijaa vinamwaga. Vitazame unapoenda kukaza mikanda.

Aprili usilitoe siku ya kwanza ya jua, huko kwenu theluji ya Aprili ni ya kawaida. Likitoka, lianike kwenye waya au uzio mpaka likauke pande zote, hasa pindo na mikanda. Likikunjwa na unyevu litanuka mpaka Oktoba na halitafaa. Kagua mishono, palipoanza kutoboka pashonee kiraka sasa, usingoje. Kunja feni ile ile, mbele iwe juu. Lisirudi kwenye boksi lake la mwanzo, halirudi, usipoteze jioni yako. Chukua begi kubwa la michezo.

Mkorofi77

Likichakaa msilitupe. Nina kuni za kufunika.